Sifuri Pembeni mwa Mstari wa 214

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu. Daktari Mkuu wa wodi ya watoto wachanga, uliyetupa saa moja ambayo najua umeinyofoa mahali. Ndugu wakuu wa idara. Ndugu wageni waalikwa. Wafanyakazi wenzangu, mkiwemo mliojazana huko nyuma mkijifanya hamvioni viti hivi vya mbele. Mzee wetu fundi rangi, mume wa mwenye shughuli. Na wewe mwenyewe mwenye shughuli, ambaye tangu nisimame hapa unanitazama kama unavyotazama programu iliyoandikwa haraka haraka: hamjambo nyote?

Haya, kama hamjambo ni vizuri, maana mimi mwenzenu mikono inanitoka jasho.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi. Mshereheshaji huyu ni kijana wa kitengo changu, na kwenye kazi akiniahidi siku kumi huwa ananipa thelathini, kwa hiyo leo nalipa deni. Nimekuja na kazi mbili. Ya kwanza ni kumsifu mama huyu, na hiyo ni rahisi, hata ukiniamsha usingizini nitaifanya. Ya pili ni barua. Ndani ya faili lake, kule masijala, kuna barua ya onyo yenye umri wa miaka kumi na mmoja. Wengi mliokuwepo mnaikumbuka, kwa sababu ilisomwa kwa sauti ndani ya ukumbi huu huu, naye akiwa amekaa pale karibu na dirisha. Leo anastaafu, na saa kumi alasiri mtunza masijala anafunga faili hilo, na chochote kitakachokuwa ndani kitabaki ndani. Sitaki barua ile ifungiwe humo. Nitawaeleza sababu, ila mniruhusu nianzie mbali kidogo, na wale wenye njaa wanivumilie.

Wageni wetu wengi hawajui tunafanya nini kule ghorofa ya tatu. Mnapita mlangoni, mnaona watu wamekodolea macho kompyuta, mnadhani tunacheza karata. Sisi tunaandika programu za hospitali. Ile inayofahamika zaidi ni programu ya dozi: muuguzi anamlaza mtoto kwenye mizani, mizani inatuma uzito, na programu inamwambia muuguzi mtoto huyu apewe dawa kiasi gani. Ni maandishi tu, mistari maelfu kwa maelfu. Na kwa kuwa sisi ni binadamu na tunakosea, tunaandika pia majaribio, yaani programu ndogo ndogo zinazoiuliza ile kubwa maswali ambayo majibu yake tunayajua. Mtoto ana kilo nne, sema dozi. Mtoto ana kilo tisa, sema dozi. Ikijibu sivyo, tunajua tumeboronga.

Sasa niwaulize: mtajuaje kwamba maswali yenu yamefika kila kona ya programu? Mtajuaje kwamba hakuna mstari uliojificha, ambao hakuna jaribio lililowahi kuugusa, unaosubiri siku ya kazi halisi ndipo uonyeshe makucha?

Hapo ndipo tunapomtumia mkaguzi. Mkaguzi wetu si mtu, ni programu nyingine. Anaweka kihesabio kidogo kwenye kila mstari. Majaribio yakipita hapo mara moja, anaandika moja. Yakipita mara arobaini, anaandika arobaini. Yasipopita kabisa, anaandika sifuri. Majaribio yakiisha, anamwaga hesabu zote kwenye faili moja la hifadhi. Halafu anatuchorea ukurasa kwenye skrini: mistari iliyopitwa ameipaka kijani, isiyopitwa ameipaka nyekundu, na njano ni njia panda ambayo majaribio yalikwenda kulia tu, kushoto hakuna aliyewahi kukanyaga. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, anaandika asilimia. Asilimia tisini! Asilimia tisini na tano! Wakubwa wanaipenda sana namba hiyo. Mheshimiwa Mkurugenzi, sikutaji.

Mnacheka. Basi mimi nilipoajiriwa nilikuwa naipenda kuliko wakubwa wote.

Wiki yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa mama huyu. Alikuwa ameingia ofisini hapa miaka mingi kabla yangu kama mpiga chapa, akajifunza kuandika programu kwa kusahihisha za wengine, na wakati nafika, vijana walikuwa wameshambandika jina la Mama Sifuri. Walimwita hivyo kwa kejeli. Kila asubuhi alikuwa anachapisha kwenye karatasi ile mistari myekundu tu, yenye sifuri pembeni, na kuibandika ukutani juu ya birika la chai. Huwezi kumimina chai bila kuisoma. Chini ya kila mstari anaandika kwa kalamu jina la mwenye nao, na swali. Mimi chai yangu ya kwanza ofisini niliinywa huku nikisoma jina langu mara sita.

Nikamfuata mezani kwake kujitetea. Nikakuta kwenye kona ya skrini yake, pale juu asilimia inapotokea, amebandika plasta. Ile plasta ya kawaida, ya kidonda. Nikasema, "Mama, skrini imepasuka?"

Akasema, "Haijapasuka. Nimemfunika mwongo."

"Mwongo gani?"

"Huyo anayesema tisini na tano. Hizo tano zilizobaki ziko wapi? Hakwambii. Wewe unataka kujua zilipo, au unataka kupigiwa makofi?"

Nilitaka makofi, jamani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Aliponiona sijaelewa, alinieleza kwa habari za mzee wetu huyu. Alisema: "Mume wangu ni fundi rangi. Kuna mafundi wanapaka nyumba wasisogeze kabati. Ukisimama mlangoni unaona nyumba imepakwa yote, unalipa, unashukuru. Siku unahama, unasogeza kabati, unakuta ukuta wa zamani unakuchekea. Mume wangu husogeza kabati." Mzee, nakuona unatikisa kichwa. Hujui ni mara ngapi umetajwa kule ghorofa ya tatu. Kwa wiki nzima mimi nilidhani nimeajiriwa kampuni ya kuhamisha vyombo.

Akanifundisha mambo ambayo sikuyasoma shuleni. Alinifundisha kulisoma lile faili la hifadhi lenyewe, bila rangi: jina la faili la programu, namba ya mstari, idadi ya mara ulizopitwa, mstari baada ya mstari, namba kavu tupu. Alisema rangi ni za kuwaonyesha wageni, sisi wenyeji tusome hifadhi. Na tulipoanza ujanja wa kuandika majaribio yanayopita kwenye mistari ili ipakwe kijani tu, bila kukagua jibu lolote, alikuwa anavuta kiti, anakaa karibu nawe, anaweka kidole kwenye mstari wako wa kijani na kuuliza maneno manne tu: "Umepita. Sawa. Umeona nini?"

Kina dada mnaocheka huko nyuma, najua hata nyinyi mmeulizwa. Swali hilo limewafanya watu wazima kwenda kunawa uso.

Lakini somo kubwa kuliko yote lilikuwa la asubuhi. Mkaguzi wetu ana tabia moja. Hatupi kitu. Ukimwendesha leo, akikuta hesabu za jana kwenye hifadhi, hazifuti, anajumlisha juu yake. Aliundwa hivyo kwa sababu njema, ili majaribio yaliyogawanywa kwenye kompyuta kadhaa yaunganishwe yawe ripoti moja. Ila ina maana kwamba mstari uliopitwa mwezi uliopita utaendelea kuonekana kijani leo, hata kama jaribio lililoupita halipo tena. Kwa hiyo Mama Sifuri, kabla hajavua koti, kabla hajaweka mkoba, alikuwa anafuta hifadhi ya jana. Kila siku. Alituambia, "Futa kwanza, ndipo upime." Tulikuwa tunamwigiza akitoka.

Sasa naomba mtulie kidogo, maana nimefika ninapoogopa.

Miaka kumi na mmoja iliyopita programu ya dozi ilikuwa tayari. Siku ya uzinduzi imepangwa, mialiko imetumwa, utepe umenunuliwa. Ripoti ya mkaguzi ilisema asilimia tisini na sita. Ilibaki sahihi moja tu, ya mama huyu. Na mama huyu alikuwa ndio kwanza anarudi likizo. Akaketi, akafuta hifadhi, akaendesha majaribio upya kutoka mwanzo. Ikatoka tisini na moja. Na katikati ya ukurasa, mahali palipokuwa kijani muda wote wa likizo yake, mstari wa 214 ulikuwa mwekundu, pembeni yake sifuri.

Mstari wa 214 ulikuwa unashughulika na watoto waliozaliwa na uzito usiofika kilo mbili.

Akakataa kutia sahihi. Mkuu wa kitengo wa wakati ule, ambaye ameshaondoka, akamwambia, "Mama, jana ilikuwa tisini na sita, dunia nzima imeiona." Akamjibu, "Hiyo ni ya mwezi uliopita, imejichanganya na ya leo. Sisaini." Uzinduzi ukasogezwa wiki tatu. Mialiko ikafutwa, na mnajua aibu ya kumpigia simu mgeni wa heshima ukamwambia asije. Siku ya pili barua ikaandikwa: ucheleweshaji usio na sababu za msingi. Ikasomwa hapa. Siku ya nne ndipo jambo lenyewe lilipojulikana, na ni watu wawili tu waliolijua. Aliandika jaribio jipya la mtoto wa kilo moja na gramu mia nane. Programu ikajibu dozi mara kumi ya inayotakiwa.

Mara kumi. Daktari, naona umefumba macho. Wewe unaijua dawa yenyewe, sina haja ya kuendelea.

Kosa halikuwa kwenye mstari wa 214. Lilikuwa kwenye faili jingine, linalopokea uzito kutoka kwenye mizani. Kuna mtu alilibadilisha, na kwa watoto wadogo kabisa akasogeza nukta ya desimali nafasi moja bila kujua. Jaribio la watoto hao likaanza kulalamika. Mtu yule akadhani jaribio ndilo bovu, akaliweka pembeni, akasema nitalishughulikia Jumatatu. Jumatatu ikafika na mambo yake, akasahau. Na kwa kuwa hakufuta hifadhi, hesabu za zamani zikabaki, mstari ukaendelea kung'aa kijani, naye akapeleka ile tisini na sita kwa mkuu akiwa amevaa shati jipya.

Ndugu zangu, mtu yule ni mimi.

Mama Sifuri alilijua siku ile ile ya nne, maana kila badiliko lina jina la aliyelifanya. Aliniita chumba cha mitambo, kwenye baridi ile, akafunga mlango. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha matazamio, mke wangu ana mimba ya miezi minane. Nikajua nimekwisha. Aliniambia, "Keti hapa uandike upya ipasavyo. Nami nitakaa." Tukakaa saa tano. Nilirekebisha nukta, nikarudisha jaribio, nikaongeza mengine kumi na nane. Kila nilipomaliza moja alikuwa ananiuliza umeona nini, na kila mara nilitakiwa nijibu kwa mdomo: nimeona mtoto wa kilo moja na nusu amepewa dozi yake. Nimeona mtoto wa gramu mia tisa amepewa dozi yake. Nilikuwa nalia, na hakunibembeleza hata kidogo.

Nilipomuuliza, "Mama, na barua yako?" akasema, "Barua ni karatasi. Wewe una mtoto anakuja." Alichohitaji kukifanya ni kuchapisha ukurasa mmoja wa rekodi ya mabadiliko na kuupeleka kwa mkuu. Barua ingefutwa siku hiyo hiyo. Ukurasa huo ungekuwa na jina langu juu, na mimi ningerudi nyumbani na boksi la vitu vyangu. Hakuupeleka.

Nami je? Mimi nilinyamaza. Mwezi wa kwanza nilinyamaza kwa woga, na hilo mtanielewa. Lakini mwaka wa tatu? Mwaka wa saba? Nafasi ya mkuu wa kitengo ilipokuwa wazi mara ya kwanza, akanyimwa kwa sababu ya barua ile, akaletwa mtu kutoka nje. Ilipokuwa wazi mara ya pili, akanyimwa tena kwa barua ile ile. Na mnajua aliyepewa. Nimekaa kwenye kiti cha mama huyu miaka minne. Kila mwaka nimemtathmini mimi, mimi! Nimemwandikia "bora sana," nikidhani neno hilo linaweza kufunika kitu. Nilikuwa naona haya, nikazoea kuona haya, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi.

Leo asubuhi nilibisha hodi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi nikiwa na maelezo yangu ya kurasa mbili, pamoja na rekodi ya mabadiliko yenye jina langu. Akayasoma mara mbili. Akaniuliza, "Kwa nini leo?" Nikasema faili linafungwa saa kumi. Akasema, "Hiyo si sababu, hiyo ni saa." Kweli kabisa. Akaniambia barua ile haiwezi kuondolewa kimyakimya mezani kwake, kwa sababu haikusomwa kimyakimya. Ilisomwa mbele za watu, basi mimi niseme mbele za watu, halafu tuonane. Kuhusu adhabu yangu akasema tutazungumza kesho, na nitakwenda.

Nimesema, Mheshimiwa. Wamenisikia wale wale walioisikia.

Naomba ukumbi utulie, Mkurugenzi anasimama.

Kwa mlio nyuma ambao hamuoni: ameitoa kwenye bahasha. Ndiyo yenyewe, naukumbuka ule muhuri wa bluu. Ameikunja mara mbili. Anasema, nami narudia kwa kuwa hana kipaza sauti, kwamba tangu dakika hii barua hii haimo kwenye faili, na mahali pake patawekwa maelezo yangu, ili atakayelifungua faili siku yoyote ajue ilikuwaje. Anasema pia anaomba radhi kwa niaba ya ofisi. Mama, anakuomba radhi wewe.

Pigeni tu makofi, pigeni. Haya safari hii ni ya kwake.

Mzee, mpe mkeo hicho kitambaa, wewe utafuta kwa mkono.

Namalizia. Nilitaka nimletee zawadi, nikawaza saa ya ukutani, nikaona ataniuliza ya nini. Basi nikamwendea Daktari Mkuu, nikamwomba namba moja. Programu ya dozi hutunza kumbukumbu ya kila dozi iliyotoa, na kila mtoto ambaye hakufika kilo mbili alipitia kwenye ule mstari. Daktari na wauguzi wake wakakaa, wakanihesabia tangu siku ya uzinduzi hadi juzi. Nimeuchapisha mstari wa 214 peke yake, nimeutia kwenye fremu, na pembeni, pale palipokuwa na sifuri, nimeandika namba aliyonipa: elfu nne mia sita na kumi na wawili. Wote kwa dozi iliyo sahihi. Daktari ameniambia mmoja wao ameanza shule mwaka huu na ni mtundu balaa.

Plasta yako, Mama, iko palepale kwenye skrini. Kompyuta ile nairithi mimi kesho kama bado nina kazi, na kama sina, atairithi atakayekuja, lakini plasta isibanduliwe. Birika pia lina karatasi ya leo. Ina mistari mitatu myekundu, mmoja wa mshereheshaji.

Nawashukuru, Mheshimiwa Mkurugenzi na ndugu nyote, kwa kunipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Sasa naomba muyageuzie kwa mwingine, kwa sababu kipaza sauti hiki nakipeleka kwake mwenyewe. Mama, simama, usinikatalie. Umetuuliza wote, mmoja mmoja, na hakuna aliyekuuliza wewe hata siku moja. Umepita humu miaka thelathini na mmoja. Sawa. Umeona nini?